Mume wangu amekubali "kufa" ili binti yetu aende Marekani

Shikamoo Bi Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mume wangu ni dereva wa Fuso. Msimu wa machungwa hubeba mzigo kutoka Muheza kwenda Dar, msimu ukiisha hubeba chochote kinachopatikana. Hatulali njaa, ila michango ya shule kila ikija inatukuta mfuko mtupu.

Dada yangu wa tumbo moja, mkubwa kwangu, yuko Houston, Marekani, mwaka wa 14 sasa. Kazi yake ni kulea wazee, ameolewa na Mmarekani, na alishakula kiapo cha uraia wa huko. Mungu hajamjalia mtoto. Mwaka jana alikuja likizo ya wiki tatu, akawa analala kitanda kimoja na binti yangu wa pili, akamsuka, akamnunulia viatu. Binti ana miaka 11, yuko darasa la tano. Usiku wa kuamkia safari dada alilia, akaniambia, "Nipe huyu. Kwani si mwanangu? Mimi si mama yake mkubwa?" Nikamwambia ni mwanao, mchukue. Kwetu hilo ni jibu la kawaida. Hata mimi nililelewa na mama mdogo Korogwe, tangu darasa la kwanza hadi la saba, kisha nikarudi nyumbani.

Nilidhani kinachofuata ni pasipoti na viza. Dada akaniunganisha na mtu mmoja wa hapa mjini anayejiita mshughulikia karatasi. Alikuja na begi lake, akanywa chai, akatueleza kwamba mtoto mwenye baba na mama hapiti, Marekani wanataka yatima. Kwa hiyo mume wangu ataandikiwa cheti cha kifo, ajali ya barabarani, mwaka 2021. Mimi nitakuwa mjane nisiyeweza kulea, nitaweka saini, na dada atamuasili mtoto. "Ni karatasi tu mama, mumeo utaendelea kumpikia." Gharama yake milioni 2, na dada ameshatuma laki 8.

Nilitegemea mume wangu amtimue. Alikaa kimya, akaenda safari, aliporudi akasema, "Kama kufa kwangu kutamsomesha, waandike." Sasa amelifanya utani. Juzi kapigwa faini kwenye mizani, kanipigia simu: "Leo marehemu kazidisha uzito."

Mimi sicheki. Zile karatasi ni tatu, zote Kiingereza, na kuna neno refu linalojirudia mara nne. Mwanangu wa kidato cha tatu akalitafuta kwenye simu, likaja "kuachilia kabisa, isiyoweza kubatilishwa". Halafu yule mtu alimfundisha binti yangu maneno ya kujibu akiulizwa ubalozini. Usiku namsikia anayarudia kitandani kama shairi la shuleni: "Baba yangu alifariki kwa ajali mwaka 2021." Jana kaniuliza, nikifika huko nikimkumbuka baba nimwambie nani?

Baba mkwe amekataa katakata, anasema dini hairuhusu mtoto kupewa ubini wa mtu mwingine. Dada anasema ni jina la karatasi tu, na binti akifikisha miaka 21 atatuombea sote twende. Yule mtu anataka saini Ijumaa. Niweke? Nisipoweka, sitakuwa nimemzibia mwanangu riziki?

Mama wa Watatu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Ijumaa usiweke saini, wala Ijumaa inayofuata. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua wapo wanaosoma mistari miwili wakarudi kuangalia mboga jikoni.

Kabla sijastaafu nilikuwa ofisa ustawi wa jamii miaka 27. Siku moja aliletwa ofisini bibi mmoja kutoka kijijini, analea wajukuu wawili walioachwa na binti yake. Wageni kutoka Ulaya walitaka kuwaasili. Karatasi zilikuwa tayari, bibi amekwishabonyeza dole gumba, wino wa zambarau bado uko kuchani. Kila aliyehusika alisema amemweleza na ameelewa. Wakati anainuka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Likizo ya mwezi wa 12 watakuja wenyewe, au nitafute nauli nikawachukue?" Nikamrudisha kitini. Jalada lile tulilianza upya, ukurasa wa kwanza.

Bibi yule hakuwa mjinga, ila yeye na wale wageni walikuwa wakisema vitu viwili tofauti kwa neno moja. Sisi tunaposema "nimempa dada mtoto" tuna maana ya Korogwe yako: umekwenda, umelelewa, umerudi, na mama yako hakuacha kuwa mama yako hata siku moja. Kuasili kwa sheria si hivyo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa vinakoma, hata vile vya kimila. Mzazi ni yule aliyeasili. Ukisoma karatasi baada ya hapo, dada yako ndiye mama, na wewe uliyemzaa ni mama mdogo wake. Ndilo neno refu ulilolikuta mara nne. Kwa hiyo mnabishana juu ya kifo cha baba, na huku karatasi hiyo inawaondoa nyote wawili.

Huyo mtu wenu, ambaye mimi namwita kishoka maana ndiyo kazi yake, amesema jambo moja la kweli na analijua vizuri. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwa mtoto anayetoka nchi iliyo nje ya Mkataba wa The Hague, ule wa kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, na Tanzania tuko nje, inataka mtoto anayeasiliwa awe yatima, au awe amebakiwa na mzazi mmoja asiye na uwezo wa kumlea, ambaye ameridhia kwa maandishi mtoto aondoke. Wazazi wawili walio hai wakimkabidhi mtoto kwa mtu waliyemchagua wenyewe, hata awe dada wa damu, sheria hiyo haiwahesabu kuwa wamemtelekeza, kwa hiyo mtoto hahesabiwi yatima. Basi kishoka akiangalia nyumba yako anaona kikwazo kimoja, nacho kinaendesha Fuso.

Kwa nini wameweka sharti gumu hivyo? Mwezi wa 10 mwaka 2007, Abéché, mashariki mwa Chad, watu wa shirika moja la Kifaransa, L'Arche de Zoé, walikamatwa wakiwa karibu kupandisha ndege watoto 103. Kule Ufaransa familia zilikuwa zinawasubiri, zimeambiwa ni yatima wa vita vya Darfur, nchini Sudan. Walipoulizwa mmoja mmoja ikaonekana wengi wao ni watoto wa vijiji vya Chad penye mpaka, wana wazazi, na wazazi walikuwa wameambiwa watoto wanapelekwa shule. Baadhi walikuwa wamefungwa bandeji mahali pasipo na kidonda. Wafaransa 6 walihukumiwa N'Djamena miaka 8 ya kazi ngumu, ingawa mwaka uliofuata walipata msamaha.

Usiseme Chad ni mbali. Mwezi wa 8 mwaka 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji 2 wa Uganda, wakili mmoja na mwenzake, kwa mtandao wa namna hiyo hiyo. Mtu wa kati alikwenda vijijini kutafuta familia zenye shida, akawaambia wazazi mtoto anapelekwa Kampala kusoma. Mtoto akaingizwa kwenye kituo kisicho na leseni, Wamarekani wakaja kumchukua kama yatima. Angalia lilivyo sawa na lako: kila mahali neno ni shule. Hakuna anayemwambia mama "nakuja kukuondoa kwenye ukoo wa mwanao".

Mkataba wa The Hague, uliopitishwa tarehe 29 Mei 1993, uliandikwa kuzuia mambo ya aina hiyo, na ukiusoma utadhani umeandikiwa sebule yako. Unataka kwanza itazamwe kama mtoto anaweza kulelewa nchini kwake, na nje iwe baada ya hapo. Wanaotoa ridhaa waelezwe kwa lugha wanayoielewa maana ya kutoa ridhaa, hasa kwamba uhusiano wa kisheria na ukoo wake utakatika. Ridhaa iwe ya hiari, kwa maandishi, isinunuliwe. Mtoto mwenyewe, kulingana na umri wake, asikilizwe. Anayetaka kuasili aanzie kwenye mamlaka ya nchi anakoishi, achunguzwe yeye kwanza. Tena hakuna wa kupata faida isiyostahili: gharama halali zilipwe, ada ya kazi iwe ya kiasi. Pima milioni 2 za kishoka wako na saini yako ya Ijumaa kwa kipimo hicho.

Utasema, lakini Bi Somo, umesema Tanzania hatumo. Ni kweli, ila Marekani wamo tangu 2008, na kuanzia Julai 2014 sheria yao inataka hata maombi ya mtoto kutoka nchi isiyo kwenye mkataba yapitie wakala aliyeidhinishwa kwa viwango vilevile. Ndugu wa damu hawakuachiwa nje. Dada yako anapaswa kukaguliwa nyumba, kipato na historia yake kule Texas kabla ya jambo lolote huku. Muulize ni wakala gani aliyemkagua. Akikutajia jina la kishoka, umeshapata jibu.

Upande wetu nako kuna ukuta ambao hakuna aliyewaambia. Dada yako alipokula kiapo cha Marekani alipoteza uraia wa Tanzania, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwako ni dada, mbele ya Mahakama Kuu ni mgeni. Na mgeni, ili aasili mtoto wa Kitanzania, sheria inataka pamoja na mengine awe ameishi hapa nchini miaka 3 mfululizo, amlee mtoto kwa muda chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, na alete taarifa ya kufaa kwake kutoka nchi yake. Likizo ya wiki tatu na jozi ya viatu havijazi sharti hilo, hata apende vipi, na mimi naamini anampenda.

Sasa tuje kwa marehemu wetu. Mwambie mumeo huyo mcheshi kwamba kabla ya kutoa viza ya yatima, ubalozi hufanya uchunguzi wake. Unaweza kufika mpaka mtaani kwenu. Jirani ataulizwa, mwalimu wa darasa la tano ataulizwa, nani alihudhuria mazishi, kaburi liko wapi. Yeye siku hiyo atajificha Muheza? Na wakipita salama, shida inaanza upya: mtu aliyeandikwa amekufa akitaka kuhuisha leseni, kupata mkopo au kurithi shamba la baba yake, itabidi ajifufue mahakamani, na kwenye kesi hiyo nyote mtaeleza cheti kilitoka wapi. Kughushi nyaraka ni jinai, kwenu, kwa kishoka na kwa dada. Uongo kwenye maombi ya viza unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha, na karatasi iliyopatikana kwa uongo inaweza kunyang'anywa miaka mingi baadaye, mtoto akiwa mtu mzima aliyesahau hata barabara ya kwenu. Mwaka 2016 Marekani ilimrudisha Korea Kusini mwanamume aliyepelekwa kule kuasiliwa akiwa mtoto mdogo. Yeye hata uongo hakusema, bali alipopata makosa ya jinai ukubwani ikaonekana waliomlea hawakukamilisha uraia wake. Akashuka uwanja wa ndege wa nchi ambayo lugha yake haijui.

Kuhusu ahadi ya miaka 21: haipo. Kwa sheria yao ya uhamiaji, mtu aliyepata hadhi kwa kuasiliwa hawezi kuwaombea wazazi waliomzaa kwa sababu ya uzazi huo. Kwa macho ya Marekani wewe si mama yake tena. Sisemi dada anakudanganya, huenda naye kadanganywa, lakini mlango huo ndiyo huo huo mnaoufunga kwa saini ya Ijumaa.

Baba mkwe mwache apumue, hana ukaidi wowote. Anachosema kina jina: kafala, kumlea mtoto kama wako na ubini wake ukabaki wa babake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja kafala kwa jina lake kwenye ibara ya 20. Haitakupa viza ya kuasili, nikuambie mapema, lakini akiungwa mkono na Umoja wa Mataifa na wewe muunge.

Umeniuliza kama utamzibia riziki. Riziki gani hasa? Kama ni shule, laki 8 alizotuma dada na milioni moja na laki mbili zilizobaki zingelipa ada ya shule nzuri tu hapa Tanga, kwa kipindi cha kutosha, na bado binti angekuja nyumbani likizo. Kama anataka asome Marekani, njia yake ni viza ya mwanafunzi, ikiwa wakati huo inatolewa. Kwa umri wake shule ya serikali hawampokei kwa viza hiyo, labda ya binafsi. Akifika sekondari ya kule (high school) anaweza kupokelewa ya serikali kwa miezi 12 tu, tena kwa kulipa gharama yote. Ni ghali, ila anakwenda na baba yake akiwa hai. Kumpitisha kwa viza ya matembezi kisha asirudi, hilo sitaki hata kulijadili.

Na kama dada anachotaka ni mtoto, hapo ndipo pa kuongea naye kama ndugu, maana nahisi ndipo penyewe. Mwanamke aliyelala na binti yako kitanda kimoja wiki tatu hakuwa anawaza ada. Ana haki ya kutamani, na njia ipo, ya kule anakoishi au ya kurudi kukaa hapa miaka yake mitatu. Mwambie hivyo bila kumkaripia. Mpigie saa 12 jioni za hapa, kwao ni asubuhi. Usimpigie usiku wake akitoka zamu, kila mtu atalia na hakuna kitakachoamuliwa.

Kabla ya Ijumaa nenda na mumeo kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, mueleze yote, hamlipi kitu. Kishoka alichukua nakala za vitambulisho? Mwambieni ofisa hilo pia, na mkisikia cheti kimetoka msingoje, nendeni polisi nyinyi kwanza. Laki 8 za dada sahauni kidogo.

Zile karatasi tatu usizichane kwa hasira, zitahitajika. Zifungie mahali. Na leo usiku, binti akianza shairi lake, muite baba yake, aingie chumbani amsikilize.